Ardhi Ikitikisika Ruiru, Swali Si "Lini Tena?" Ni "Nguzo Ziko Aje?"

Kila ardhi ikitikisika kidogo, magrupu ya WhatsApp ya ploti zetu huku Ruiru na Thika huwaka moto. Wa kwanza anauliza, "Mmeskia hiyo?" Wa pili anasema ni lori tu, ama ni baruti ya machimbo ya mawe kule Ndarugu. Wa tatu analeta fowadi: wanasayansi wamesema kubwa zaidi inakuja saa nane usiku, laleni nje. Na wewe uko ghorofa ya sita. Unafanya nini?

Fowadi hiyo ni uongo, na huhitaji digrii kuijua. Dalili ni ile saa. Hakuna mtu duniani anayeweza kukutajia saa ya tetemeko. Wanachojua wanasayansi ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Mwaka wa 1894, Mjapani Fusakichi Omori alionyesha kwamba matetemeko madogo yanayofuata lile kubwa hupungua kwa mpangilio. Chukua mfano: siku ya kwanza yakiwa 60, siku ya pili tarajia kama 30, ya tatu 20, ya kumi 6. Yanashuka haraka mwanzoni, halafu yanajikokota kwa wiki, hata miezi. Tena madogo ndiyo mengi: kwa kila tetemeko la ukubwa wa 5 kuna kama kumi ya ukubwa wa 4, na kama mia moja ya 3. Na kwa kawaida, kubwa zaidi kati ya yale yanayofuata huwa chini ya lile kuu kwa alama moja hivi.

Hapa Kenya tuna mfano. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, Nakuru. Hilo ndilo kubwa zaidi kurekodiwa nchini. Siku nne baadaye likafuata la 6.0. Namba hizo zinakaa karibu, lakini alama moja ikipanda, nguvu inaongezeka kama mara 32. Kwa hivyo hilo la pili halikufikia hata sehemu moja ya ishirini ya nguvu za lile la kwanza.

Shida ni kwamba Bonde la Ufa halifuati mpangilio huo kila mara. Julai 2007, matetemeko yalianza tarehe 12 kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Yakaendelea siku baada ya siku, na lile kubwa kabisa, la 5.9, likaja tarehe 17. Nairobi watu walitoka mbio kwenye majengo. Kilichokuwa kikiendelea ni magma kujipenyeza kwenye nyufa chini ya ardhi, na Septemba mlima Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Ethiopia pia waliona mambo kama hayo karibu na mlima Fentale kati ya 2024 na 2025, na maelfu ya watu wakahamishwa.

Kwa hivyo hata yule anayekuambia "kubwa imeshapita, rudi ulale" anakuuzia uhakika ambao hana. Ukijumlisha dunia nzima, tetemeko hufuatwa na lingine kubwa zaidi, karibu na hapo na ndani ya wiki moja, kama mara 5 kati ya 100. Ni nadra, lakini si sufuri.

Sasa turudi kejani. Ruiru na Thika ziko mashariki ya Bonde la Ufa, si ndani yake, na tetemeko likitoka mbali hufika likiwa limepoteza nguvu. Kinachofaa kututia wasiwasi ni jengo lenyewe. Kule Huruma, Aprili 2016, jengo la makazi liliporomoka usiku wa mvua na kuua watu karibu 50. Hakukuwa na tetemeko lolote. Na mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko Kenya imekuwa nao tangu 1973. Muulize landilodi wako kama ameshawahi kuusikia.

Ardhi ikitikisika, usikimbilie ngazi. Ingia chini ya meza imara, funika kichwa, kaa mbali na dirisha. Ikitulia, zima gesi, shuka polepole, kisha uangalie nguzo za chini na ngazi. Ukiona ufa mpya kwenye nguzo, ama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekwama, toka na usirudi hadi mhandisi aangalie. Kumbuka hesabu ya Omori: siku ya kwanza ndiyo yenye matetemeko mengi, na jengo lililopasuka halihitaji kubwa ili lianguke.

Kama nguzo ziko sawa, usilale kwenye baridi kwa sababu ya fowadi. Iulize grupu swali moja: nani ametaja hiyo saa nane, na aliijulia wapi?