Staa Akifika Ruangwa, Nani Aanze Kusalimu?

Kabla ya mwaka 2019, mtu wa Nachingwea aliyetaka kumwona mchezaji wa Simba au Yanga kwa macho yake ilimbidi asafiri. Wenye nauli walikwenda Dar es Salaam. Wengine walikwenda Mtwara, enzi zile Ndanda ikiwa Ligi Kuu na kuwapokea vigogo pale Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Waliobaki walibanana kwenye kibanda umiza, wakitazama mechi kwenye runinga. Kisha Namungo ikapanda daraja. Timu hiyo yenye jina la kijiji cha wilaya ya Ruangwa ilimaliza msimu wake wa kwanza, 2019/20, ikiwa ya nne, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tangu hapo vigogo wanalazimika kuja. Siku ya mechi kwenye Uwanja wa Majaliwa, bodaboda zinamiminika kutoka Nachingwea, Liwale na Masasi, nyingine zimepakia watu watatu.

Pamoja na mechi yakaja malalamiko, na yamekuwa yale yale. Basi limefika, mapazia yamefungwa. Wachezaji wanashuka na hedifoni masikioni, macho kwenye simu, wanapita katikati ya watu kama wanapita kwenye miti. Mtoto ananyoosha mkono, unabaki hewani. Jioni, vijiweni, hukumu imeshatoka: hawa vijana wanaringa. Mmoja anawatetea kwamba wamechoka, mwingine anamjibu kwamba hata yeye amechoka, ametoka shamba.

Swali lenyewe ni la haki kuulizwa. Mpira ukiisha, au kabla haujaanza, mchezaji maarufu ana deni gani la adabu kwa anayemshabikia?

Hoja ya shabiki kwa kawaida inaanzia mfukoni. Fedha ya mtu wa Nachingwea na Ruangwa inajulikana inakotoka: ni ufuta na korosho, zinazopita kwenye minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo yakiingia, sehemu yake inakwenda kwenye jezi, kadi ya uanachama, kiingilio na kifurushi cha king'amuzi. Mwaka 2021 Azam Media ilipoingia mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225, hesabu ilipigwa kwa kumtegemea huyo mtu wa kifurushi. Kwa hiyo shabiki anasema: mshahara wako unatoka kwangu, nisalimie.

Hoja hii ina nguvu masikioni lakini haisimami. Kiingilio kinanunua mpira, basi. Februari 2024 Lionel Messi alikaa benchi mechi nzima Inter Miami ilipocheza Hong Kong, watu wakazomea na kudai warudishiwe fedha zao, na waandaaji wakakubali kurudisha nusu ya bei ya tiketi. Ule ulikuwa ugomvi wa biashara: waliuziwa kitu, hawakukipata. Mkono wa salamu pale nje ya geti la Majaliwa haukuuzwa na mtu. Tena tukikubali kwamba adabu inalipiwa, yule mtoto aliyepanda mwembe kuchungulia mechi kwa sababu hana kiingilio atakuwa hadai kitu. Sijamsikia mtu wa Kusini anayeamini hivyo. Tunaamini kinyume chake, kwamba huyo ndiye aliyestahili kupungiwa mkono kwanza.

Mchezaji naye ana hoja yake. Mwaka 1993, kwenye tangazo la Nike, mcheza kikapu wa Marekani Charles Barkley alisema waziwazi kwamba yeye si mfano wa kuigwa, kulea watoto ni kazi ya wazazi wao. Watu walimshambulia sana, ila nadhani alikuwa na haki zaidi ya wengi waliomjibu. Kijana wa miaka 21 anayejua kupiga krosi hakusomea malezi, na kumfanya mlezi wa taifa ni kumtwisha mzigo ambao hata wazee wetu unawaelemea.

Halafu kuna sababu ambayo washabiki tunaijua na hatupendi kuitaja mchana: ushirikina. Katika soka yetu, timu ikiwa ugenini haimwamini mwenyeji. Maji inabeba yake, chakula inapikiwa na mtu wake. Bodi ya Ligi imezitoza klabu faini mara nyingi kwa kukwepa kuingia vyumba vya kubadilishia nguo au kupita mlango usio rasmi, na hakuna mtu mzima anayedhani walipotea njia. Ndiyo kazi ya ile inayoitwa kamati ya ufundi. Mchezaji anayeshuka kwenye basi Ruangwa huenda ameshaambiwa asipokee kitu na asishikane mkono na mtu asiyemjua. Nyie mnaona maringo, yeye anatii maagizo. Sisemi maagizo hayo yana akili. Ninachosema ni kwamba shabiki anayelaani kijana kwa kurudisha mkono nyuma mara nyingine ndiye huyo huyo aliyechanga fedha za kamati ya ufundi ya timu yake.

Kwa hiyo si mwajiriwa wa shabiki, na si mlezi wa watoto wa watu. Ni nani basi anaposhuka pale? Ni mgeni. Na mgeni kwetu ana wajibu ambao hauhitaji mkataba: anayefika ndiye anayesalimu. Hodi inabishwa na aliye nje. Mchuuzi wa mitumba anayeingia kijijini kwa baiskeli anaujua utaratibu huu, hali kadhalika mkaguzi wa mazao na mganga wa kienyeji. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba winga ameondolewa kwenye orodha.

Umri nao una uzito wake. Mzee wa miaka 70 aliyeegemea ukuta wa uwanja akimsubiri mchezaji aliyemsikia redioni hatarajii selfi. Anatarajia shikamoo. Umaarufu haumfanyi kijana awe mkubwa kuliko mtu aliyemzidi miaka 50, na mgeni anayetoka Ouagadougou au Abidjan anaweza kulijifunza neno hilo kabla ya mazoezi ya kwanza. Nachingwea, kwa taarifa, si mji wa kushtushwa na majina. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa vita pale, Samora Machel akiwa miongoni mwa makamanda wao, miaka kabla hajawa rais wa Msumbiji. Mji wa aina hiyo haumsubiri mchezaji kwa sababu haujawahi kuona mtu mkubwa. Unamsubiri kwa sababu unampenda.

Uzuri wa kulitazama deni hili kama la mgeni ni kwamba linajulikana linapoishia. Mgeni anadaiwa salamu. Hadaiwi picha 40, wala jezi aliyovaa, wala "ya maji" kwa kila anayemwita bro. Hadaiwi kuamshwa hotelini saa tano usiku, wala kuvutwa shati na mtu ambaye hata jina lake la kwanza hakulitaja. Shabiki anayemshika staa kiwiko na kumgeuza kwa nguvu ili atazame kamera amevunja adabu yeye, na akijibiwa vibaya asikimbilie mtandaoni kutafuta huruma.

Hapo lazima niweke mpaka mwingine. Kutosalimu ni utovu wa adabu, kumdhuru mtu ni kosa. Aprili 2022, Manchester United ikitoka kufungwa na Everton pale Goodison Park, Cristiano Ronaldo aliipiga simu ya kijana wa miaka 14 ikaanguka chini. Chama cha soka cha Uingereza kilimfungia mechi mbili na kumtoza pauni 50,000. Aliomba radhi kwenye Instagram na kumwalika kijana Old Trafford. Mama wa kijana akakataa mwaliko. Namwelewa. Radhi iliyotangazwa kwa mamilioni kabla ya kufika kwa aliyekosewa ina harufu ya ofisi ya matangazo.

Lakini ukiniuliza ni wapi katika wilaya hizi mbili, Ruangwa na Nachingwea, swali la adabu linaumiza zaidi, sitakuonyesha basi la Simba wala la Yanga. Hao wanaondoka usiku ule ule. Nitakuonyesha wachezaji wa Namungo. Ruangwa ni mji mdogo. Beki aliyejifunga Jumamosi, Jumatatu anahitaji kununua nyanya, kunyoa nywele na kupanda bodaboda, na kote huko anakutana na watu waliokuwa uwanjani. Yeye si mgeni tena, ni jirani, na ujirani unadai pande mbili. Naye anatakiwa kusalimu, ndiyo, hata akiwa na hasira. Wale anaowasalimu nao wanatakiwa kuitikia kabla ya kuuliza kwa nini alikosa penalti. Kumwambia mtu mbele ya muuza nyanya kwamba amekula fedha za wapinzani, bila ushahidi wowote, ni kumchafulia jina mahali anapoishi. Hilo watu wanalifanya wakicheka, kana kwamba ni utani wa jadi.

Na umbali si kinga dhidi ya maneno kama hayo. Kelvin Kiptum alipofariki kwa ajali ya gari huko Kenya Februari 2024, miezi michache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago, watu mitandaoni walimgeukia mwanariadha mwenzake Eliud Kipchoge na kumhusisha na kifo hicho. Baadaye Kipchoge aliiambia BBC jinsi alivyoihofia familia yake. Huyu ni mwanamichezo ambaye upole wake umekuwa mithali Afrika Mashariki nzima, na haukumsaidia. Kwetu, Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga mwishoni mwa 2022, alitukanwa na watu waliokuwa wakimwimba wiki moja kabla, na mgogoro ukaendelea hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoiomba klabu iumalize akiwa amewaalika Yanga chakula cha jioni Ikulu. Tunaodai kusalimiwa tuna rekodi yetu pia.

Anayekwepa lawama katika haya yote ni klabu. Simba ina Simba Day tangu 2009, Yanga ina Wiki ya Mwananchi. Kuna burudani, wachezaji wanatambulishwa, wanapunga mikono, wanatembelea wagonjwa. Karibu yote yanafanyika Dar es Salaam. Jezi zinauzwa Nachingwea, salamu zinabaki Uwanja wa Mkapa. Kisha klabu inapeleka Ruangwa vijana 20 waliochoka kwa safari ndefu, haijapanga hata robo saa ya kuonana na watu, na inawaachia wao wabebe sifa mbaya ya kuringa. Ni rahisi kiasi gani kufungua mazoezi ya asubuhi kwa watoto wa shule, au kumpeleka nahodha na mmoja wa wachezaji wa kigeni wasimame getini dakika 15 huku polisi wamesimamia foleni? Mchezaji asiyependa watu, na wapo, aachwe ndani ya basi.

Wapo wanaotaka Bodi ya Ligi iweke jambo hili kwenye kanuni, kama mikutano ya waandishi wa habari ambayo timu hailazimiki kuipenda lakini inalazimika kuhudhuria. Mimi sitaki. Salamu inayotolewa kwa kuogopa faini itatolewa kama ile mikutano inavyofanywa, kwa sentensi tatu na uso wa kisirani. Afadhali kazi hii ianzwe na mwenyeji. Namungo inapopokea barua za maandalizi ya mechi kutoka klabu ngeni, inaweza kujibu kwa kuuliza lini na wapi watu wa Ruangwa na Nachingwea watawaona wachezaji. Klabu itakayosema haina nafasi, jibu lake libandikwe pale kiingilio kinapouzwa.