Kuimba Nako ni Kusoma

Leo kalamu yangu ina jambo linalonikera, na naomba univumilie mpaka mwisho.

Mwaka uliopita kwaya yetu ilifika ngazi ya kaunti katika Tamasha la Muziki. Zamu yetu ilipofika, mwenzetu aliyekuwa soloisti alifungua kinywa, ikatoka sauti ya jogoo mwenye mafua. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka kwa maana najua tulivyomfanya. Wiki tatu mfululizo tulimpigisha kelele baada ya prepu, eti "Toa sauti! Toa sauti!" Tuliporudi shuleni alijitoa katika kwaya. Nyumbani nako walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba kuimba hakuweki sufuria mekoni.

Maoni yangu ni haya: shuleni tunaichukulia sauti kama kitu cha bure, na cha bure hakitunzwi. Ukiwa nayo, unayo, ukikosa, basi. Hebu tumtazame mtu mmoja aliyeifanya kazi hii hadi dunia ikamjua.

Luciano Pavarotti alizaliwa mjini Modena, Italia, mwaka wa 1935. Babake alikuwa mwokaji mikate, mamake mfanyakazi wa kiwanda cha sigara. Si watoto wa matajiri hao! Kijana mwenyewe alipenda mpira, tena alitamani kuwa kipa. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka miwili, na mwaka wa 1954, akiwa na miaka 19, akaanza kusomea uimbaji. Mwaka uliofuata, kwaya ya mjini kwao, ambamo aliimba pamoja na babake, ilisafiri hadi mashindano ya Llangollen huko Wales ikatwaa nafasi ya kwanza. Ushindi wa kwaya, jambo tunalolijua hata sisi, ndio uliomkaza moyo.

Lakini sikia alivyofundishwa. Mwalimu wake wa kwanza, Arrigo Pola, hakumtoza hata senti moja. Miezi sita ya mwanzo hakumpa wimbo wowote. Mazoezi ya sauti tu, na irabu: a, e, i, o, u. Jameni, irabu! Zile zile tulizoimba chekechea.

Kwa nini? Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Kwa desturi mwimbaji hana kipaza sauti, na sharti asikike hadi kiti cha mwisho huku orkestra ya watu sitini au zaidi ikipiga. Akitegemea kelele, koo litamwisha kabla ya mchezo kwisha. Kwa hivyo hujifunza kusimama wima, kuvuta pumzi mpaka mbavu za chini zipanuke, kuitoa kidogo kidogo, na kuiacha irabu ibebe sauti. Isitoshe, hujifunza Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, kwani opera nyingi zimeandikwa kwa lugha hizo.

Hapo wanachama wa Chama cha Kiswahili tuinue vichwa. Maneno yetu, kama mengi ya Kiitaliano, huishia kwa irabu. Anayetamka Kiswahili vizuri bila kumeza silabi amekwisha kupata somo la kwanza la opera bila kulipa karo.

Masomo ya Pavarotti yalichukua kama miaka saba. Wazazi walipatana naye: watampa chakula na malazi hadi atimize miaka 30, asipofaulu, atafute riziki kwingine. Akawa anauza bima huku akisoma. Kisha akapata kijivimbe kwenye nyuzi za sauti, akaimba vibaya sana katika tamasha moja mjini Ferrara, hata akaamua kuacha. Baadaye sauti ikarudi. Tarehe 29 Aprili 1961 akaimba opera yake ya kwanza, La bohème ya Puccini. Mwaka wa 1972 huko New York aliifikia nota ya juu sana ya tena mara tisa katika wimbo mmoja. Na Julai 1990, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia, lile la Roger Milla, aliimba Roma pamoja na Plácido Domingo na José Carreras. Alifariki mwaka wa 2007.

Kuna atakayesema: huyo ni mmoja, je, waliokwama njiani ni wangapi? Ni wengi, sidanganyi mtu. Wala sisemi kila soloisti atupe kitabu cha Hesabu. Nasema kwamba kazi ile ya koo ni masomo, ina hatua zake na ina jasho lake. Mtaala mpya umeleta mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za upili, jambo zuri. Lakini karatasi haimfundishi mtu kuvuta pumzi.

Walimu wetu wapendwa, naomba mambo mawili. Kwanza, kwaya ianze mazoezi muhula wa kwanza, si wiki tatu kabla ya tamasha, na kila zoezi lianze kwa robo saa ya pumzi na irabu. Pili, aliyekaukiwa na sauti aachwe anyamaze, asilazimishwe. Nanyi wazazi, kabla ya kusema "acha," fanyeni mapatano kama yule mwokaji mikate. Alijua kuwa chembe na chembe mkate huwa.

Na wewe mwenzetu uliyejitoa, nafasi yako katika safu ya mbele bado iko wazi. Njoo. Safari hii hakuna atakayekupigia kelele za "Toa sauti!" Tutaanza na a.