Tuhesabu Siku za Wageni, Si Vichwa Vyao

Kila mara takwimu za utalii zinapotangazwa, swali la kwanza huwa ni moja: wameingia wangapi? Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nchi za nje. Kwa visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu wasiofika milioni mbili, hiyo si idadi ya kubezwa, na waliotoa jasho kuifikia wanastahili pongezi. Lakini lipo swali la pili lisiloulizwa mara nyingi: mgeni huyo alikaa siku ngapi, na fedha yake ilipita katika mikono ya nani? Leo tunawaomba wasomaji wetu watufuate mbali kidogo na bahari, hadi mji wa Lushoto katika milima ya Usambara, kwa sababu huko swali hili la pili limepata jibu linalotufaa sisi wa visiwani.

Lushoto iko katika Mkoa wa Tanga, kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,400. Msafiri huiacha barabara kuu ya Arusha pale Mombo, penye joto na mashamba ya mkonge, akapanda kilomita 33 za njia nyembamba yenye kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Hupita Soni, penye maporomoko ya maji, na kabla hajafika mjini hewa imekwisha kubadilika naye anatafuta sweta. Wakoloni wa Kijerumani waliupenda ubaridi huo, wakapaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 safari yao ya kukimbia joto la pwani ikawa nyepesi.

Hata hivyo, historia ya milima hiyo haikuanza na Wajerumani. Vuga, makao ya watawala wa Kikilindi, ilikuwa na heshima yake tangu zamani. Amri ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ilishuka hadi pwani ya Tanga na Pangani, ikakutana huko na ile ya Sultani wa Unguja. Kwa hiyo Msambaa na mtu wa visiwani hawakuanza kujuana jana.

Mji huu hupokea wageni wa namna mbili. Yuko anayefika saa nne asubuhi kwa gari la kukodi, akapelekwa moja kwa moja kwenye ukingo wa Irente, akaitazama nyika iliyolala chini sana, akapiga picha, akanywa soda, na saa tisa akawa njiani kuteremka. Huyo ameiona Lushoto, wala hatumlaumu, kwa maana mandhari yale ni ya ajabu. Lakini alichoacha ni bei ya soda na alama za matairi.

Yuko na wa pili, asiye na haraka. Huyu hulala katika nyumba ya wageni ya mjini. Asubuhi huenda Irente kwa miguu akiongozwa na kijana wa mahali hapo, akapita kwenye vihamba vya migomba na matuta ya kabichi, karoti na viazi, huku akisalimiana na wenye mashamba. Hununua mkate na jibini vinavyotengenezwa huko huko Irente. Siku ya pili huingia katika msitu wa Magamba na kuambiwa majina ya miti. Akiwa na nguvu, huendelea kwa siku tatu au nne kupitia Lukozi na Rangwi, ambako masista wa misheni huwapa wasafiri mahali pa kulala, hadi Mtae kwenye ncha ya milima. Akifika gulio, huonja plamu na mapeasi yasiyoota kwetu. Hesabu basi mikono iliyopokea fedha yake: mwenye nyumba, mpishi, kiongozi wa njia, mkulima, mama wa gulioni, dereva wa basi. Mgeni mmoja wa namna hii huwafaa wenyeji wengi kuliko wengi wapitao mbio.

Mambo haya hayakutokea kwa bahati. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, ulianzishwa nchini mpango wa utalii wa utamaduni, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Msingi wake ulikuwa rahisi: vijana wa mahali wafundishwe kuongoza wageni, na sehemu ya malipo itengwe kwa ajili ya shughuli za maendeleo ya vijiji.

Hatusemi kwamba Lushoto ni pepo. Watu ni wengi na ardhi ni ya miteremko mikali. Udongo huchukuliwa na maji, na masika yakizidi njia huzibwa na maporomoko, mboga zikaoza zikisubiri gari. Utalii hautachukua nafasi ya jembe. Lakini mgeni anayekaa hununua mazao pale pale yalipo, na humpa kijana sababu ya kuuacha mti usimame, kwa kuwa msitu ukifyekwa hakuna atakayepanda kilima kutazama visiki.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika baadhi ya fukwe zetu mgeni hulipa kila kitu kabla hajatoka kwao, akaletwa ndani ya uzio, akarudishwa uwanja wa ndege bila kujua kijiji jirani kinaitwaje. Mvuvi aliye nje ya uzio huo husikia habari za utalii redioni tu. Pemba bado ina nafasi ya kuchagua. Ina vilima vyake, mikarafuu yake, msitu wake wa Ngezi na mchezo wake wa ng'ombe. Hivyo vyote havionekani kwa nusu siku, na hiyo ndiyo mali yake.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika watafakari mambo matatu. Kwanza, takwimu za utalii zitangazwe pamoja na siku ambazo wageni wamekaa katika kila wilaya, si idadi ya vichwa peke yake. Pili, vijana wa vijijini wafundishwe na wapewe vibali vya kuongoza wageni kwao, bila gharama na urasimu wa kuwakatisha tamaa. Tatu, fedha inayotengwa kwa ajili ya kijiji ibandikwe hesabu yake penye ubao wa tangazo, kila mtu aisome. Maana mfuko usioonekana huzaa manung'uniko.

Na kwa wananchi wenzetu tuna neno. Likizo si lazima iishie barazani, wala kutembea hakukuumbwa kwa ajili ya watu wa Ulaya peke yao. Tanga iko ng'ambo tu ya Pemba. Mwenye nafasi na apande Usambara, akae siku kadhaa, aulize, asikilize, kisha arudi atusimulie.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba anayefika siku ya tatu si mtazamaji tena, bali amekuwa mmoja wa nyumba. Tuutengeneze utalii wetu ili mgeni aifikie siku hiyo ya tatu. Hapo ndipo lile neno la mgeni njoo, mwenyeji apone, litakapokuwa kweli hata kwa mwenyeji wa shamba.