Mtoto wa Pumu Akisharudi Nyumbani

Mtoto mwenye pumu akibanwa kifua usiku wa manane, wazazi humkimbiza hospitali kwa pikipiki ya kukodi. Huko huvutishwa salbutamoli, pengine pamoja na oksijeni na vidonge vya predinisoloni, na kulipokucha huruhusiwa kwenda nyumbani. Wauguzi wametimiza wajibu wao, nasi twawashukuru. Lakini tangu hapo hakuna aulizaye tena habari zake, mpaka siku atakapoletwa amebanwa upya. Hilo nathubutu kuliita dhuluma, ingawa hakuna aliyeikusudia.

Waganga hutufundisha kwamba pumu ni uvimbe wa kudumu katika njia za hewa. Salbutamoli hulegeza misuli kwa saa chache tu. Uvimbe wenyewe huhitaji dawa nyingine ya kuvuta, ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo watoto wengi wa namna hii hupaswa kuitumia kila siku, hata wanapocheza bila shida. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa yataka mtoto aliyebanwa aonwe tena baada ya siku chache. Lakini ni mkulima gani kwetu awezaye kupoteza siku ya kazi, na nauli ya kwenda na kurudi, kwa ajili ya mtoto ambaye kwa macho amekwisha kupona? Kumwita mama huyo mzembe ni kumwonea.

Hapa simu yaweza kutenda haki. Muuguzi akipiga siku ya pili au ya tatu, atauliza kama mtoto amelala vema, kama dawa ya kuzuia imepatikana, kama jiko la kuni limo katika nyumba anamolala. Penye simu ya picha atatazama jinsi mtoto anavyovuta, kwa maana mara nyingi dawa huishia kooni. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka kichupa cha dawa, humfaa mtoto aliyebanwa sawa na chombo cha dukani. Mambo kama hayo yafundishika kwa simu.

Hata hivyo siungani na wanaousifu mtambo peke yake. Huko Rochester, jimbo la New York, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto 400 wa shule wenye pumu. Mwaka 2018 walitangaza kwamba waliohudumiwa kwa njia ya mtandao walifikishwa chumba cha dharura au kulazwa kwa asilimia 7, na wenzao kwa asilimia 15. Lakini tusisahau: watoto wale walipewa pia dawa yao ya kuzuia shuleni, mbele ya muuguzi. Basi muuguzi akipiga simu na kujibiwa kwamba dawa hiyo haipo zahanati, na dukani bei haishikiki, amesaidia nini?

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Na Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Aliacha fedha kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kupita tena.

Kwa hiyo Tume za Haki na Amani za parokia zizikabili hospitali, tukianza na zile za Kanisa letu wenyewe. Dawa ya kuzuia iwepo kabla ya kununua simu. Gharama ya kupiga isitoke mfukoni mwa muuguzi. Ziandikwe namba mbili, maana nyumba nyingi simu ni ya baba, naye yu safarini. Na kabla ya kuondoka wodini mama aelezwe wazi kwamba mtoto ashindwaye kuongea au kunyonya, au ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi, hasubiri kupigiwa simu: aletwe mara moja, hata usiku.