Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye

Kwa muda wa miaka mitano nimepiga picha kwa filamu katika chama chetu cha picha. Mwaka huu, kwa msaada wa wanafunzi wa zamani, chama kimepata fedha za kununua kamera yake ya kwanza ya dijitali, na maneno yamekuwa mengi mabwenini. Wengine wataka kamera mpya kabisa, ingali katika sanduku lake. Wengine wasema hapana haja ya kamera, simu yatosha. Mimi naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini yafaa tununue kamera iliyokwisha tumika, na tuichague kwa kufuata lenzi tulizo nazo.

Kwanza tutazame mali yetu. Katika kabati la chama mna Pentax K1000 mbili, kamera za filamu zilizotengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997, pamoja na lenzi tatu: ya milimita 28, ya 50 na ya 135. Filamu zimekuwa adimu na ghali, na dawa za kuzisafishia ni taabu kuzipata, lakini lenzi zenyewe hazina ila. Mdomo wa kamera hizo, yaani mahali lenzi inapopachikwa, huitwa K. Pentax waliuanzisha mwaka 1975, na kamera zao za dijitali zenye kioo ndani zina mdomo huo huo. Basi tukinunua Pentax, tutalipia kamera moja tu, na lenzi tatu tunazo tayari.

Si kampuni zote zilizofanya hivyo. Mwaka 1987 Canon waliuacha mdomo wao wa FD wakaleta mwingine, EF. Lenzi ya FD haikai vizuri katika kamera zao za dijitali zenye kioo. Nikon wana mdomo wa F tangu mwaka 1959, lakini kamera zao za dijitali za bei nafuu hazipimi mwanga zikitiwa lenzi za zamani za kurekebishwa kwa mkono. Kwa hiyo msomaji aliyeachiwa lenzi na baba au mjomba wake na atazame kwanza jina na mdomo wake, ndipo aulize bei ya kamera.

Wenzangu hunijibu kwamba kamera mpya ina megapikseli nyingi zaidi. Ni kweli, lakini za kazi gani? Pentax K10D ya mwaka 2006 hutoa picha yenye nukta 3872 kwa 2592. Wapiga chapa hutaka nukta 300 kwa kila inchi moja. Ukigawanya utapata picha ya karibu sentimita 33 kwa 22, nayo yajaza ukurasa mzima wa karatasi ya A4. Gazeti letu halijapata kuchapa picha kubwa kuliko hiyo.

Sisemi kwamba njia hii haina taabu. Katika kamera hiyo lenzi ya milimita 50 huona eneo dogo kuliko ilivyoona katika filamu, kana kwamba ni ya 75. Itatubidi kurekebisha lenzi kwa mkono, na kubonyeza kitufe cha kijani ili kamera ipime mwanga. Lakini mkono wa mtu aliyezoea filamu umekwisha fundishwa kazi hiyo. Tena kamera iliyotumika yataka kukaguliwa: muuzaji aulizwe imekwisha piga picha ngapi, maana shata huchakaa, na ipigwe picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa dogo, ili vumbi lililomo ndani lionekane.

Jambo moja litawashangaza waliozoea filamu. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kidogo, dijitali haisamehe. Mahali palipoungua kwa weupe hapana kitu cha kurudisha. Nasi kila siku ya michezo hupiga picha za wavulana weusi wenye mashati meupe katika jua la saa sita! Heri kulipimia shati mwanga, uso uwe na giza kidogo, kwa sababu giza laweza kupunguzwa baadaye.

Ama kuhusu simu, haturuhusiwi kuwa nazo bwenini. Na hata tungeruhusiwa, simu huamua karibu kila kitu yenyewe, na mtoto wa mwaka wa kwanza hatajua tundu la lenzi ni nini wala mwendo wa shata ni nini.

Na huyo mtoto wa mwaka wa kwanza ndiye sababu yangu kubwa. Kamera mpya ya bei kubwa itafungiwa ofisini, itolewe siku ya mahafali tu, ishikwe na mkubwa mmoja, nao wadogo waitazame kwa mbali. Kamera ya bei ndogo itashikwa na wengi. Mimi nilijifunza kwa sababu K1000 ilikuwa chakavu, na hapana mtu aliyeogopa kunipa.

Lakini tusisahau adabu ya filamu. Filamu ilitupa picha 36, tukafikiri kabla ya kubonyeza. Kadi huchukua mamia, na mwenye mamia hupiga ovyo. Napendekeza kila mwanachama apewe picha 36 kwa zamu yake, kisha tukae pamoja tuzitazame, na zile njema zihifadhiwe mahali pawili, maana kadi moja ikipotea picha zote zimekwenda.

Chama kitakutana kabla ya likizo. Fedha zitakazobaki zinunue betri ya pili na chombo cha kuhifadhia picha. Wanafunzi wa zamani waliotuchangia nawaomba watoe maoni yao, na mwenye lenzi ya Pentax iliyolala nyumbani bila kazi, tafadhali asiitupe, atuletee.