Mbegu Si Bangi

Hadi tarehe 27 Novemba 2025, shosho yangu wa Kanyakine alikuwa mhalifu. Hakujua, na hata angejua sidhani angeacha. Kosa lake ni kwamba kila mvua ikikaribia humpimia jirani njahi kwa kikombe cha bati, na jirani humrudishia mbegu za maboga. Zikibaki, anauza kidogo sokoni apate pesa ya chumvi. Kwa sheria ya mbegu ya Kenya, Sura ya 326, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2012, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa kulikuwa jinai. Adhabu yake ilikuwa jela hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Milioni moja, jamani, kwa kikombe cha njahi! Ungedhani mama wa watu amekamatwa na gunia la bangi.

Na miaka hiyo hiyo, huku Nairobi, bustani "rafiki kwa mazingira" ikawa fasheni. Fungua simu yako sasa hivi utaiona: kijana kwenye roshani ya ghorofa ya saba, aproni safi, masanduku ya mbao yaliyopigwa randa, mfuko wa udongo wa kununua, mbolea ya maji kwenye chupa yenye picha ya jani, na pakiti ya mbegu chotara. Eti hicho ndicho kilimo cha kijani. Mimi naona duka lililomwagiwa maji.

Sina ugomvi na roshani. Panda, mwenzangu, hata kwenye mkebe wa rangi. Ninachokataa ni bustani ambayo kila kitu chake kimenunuliwa na msimu ujao lazima kinunuliwe tena. Chukua hiyo mbegu chotara. Imetokana na kuchanganya wazazi wawili waliochaguliwa, na mazao ya kwanza huwa mazuri kweli, sikatai. Lakini ukizihifadhi mbegu zake na kuzipanda, watoto hawafanani na mama yao: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine hazai kabisa. Kwa hivyo unarudi dukani. Hakuna njama ya siri hapo, ni biolojia tu. Ila biolojia hiyo inamfaa sana mwenye duka.

Hili nimeliona kwa karibu. Nilisomea kilimo miaka miwili kabla karo haijanishinda, na kwa miaka hiyo miwili sikumsikia mhadhiri hata mmoja akitaja kwamba majirani zetu kijijini wanaweza kufungwa kwa kupeana mbegu. Siku hizi naandika kwa kulipwa. Juzi kampuni moja ya pembejeo iliniagiza makala kuhusu bustani ya kijani kwa vijana wa mjini. Niliweka aya moja ya kueleza jinsi ya kuhifadhi mbegu za nyanya. Aya ilirudi imekatwa, na ujumbe mfupi: "Hii haitusaidii." Walisema kweli. Mtu anayejitunzia mbegu hamsaidii muuza mbegu.

Watetezi wa sheria ile wana hoja moja nzito, na si haki kuiruka. Wanasema mbegu feki zimewaliza wakulima, kwamba mtu hununua pakiti akapanda shamba zima na kuvuna majani matupu. Ni kweli, na anayeuza pakiti ya uongo ashtakiwe. Lakini hebu tuulizane: pakiti feki hutoka kwa nani? Hutoka kwa mtu usiyemjua, aliyebandika lebo kwenye kitu usichokijua. Njahi za shosho hazina lebo, lakini jirani amezila, ameziona zikitambaa uani, na anajua nyumba zilikotoka. Zikikataa kuota, kesho wanakutana kisimani. Sheria ilichukua dawa ya ugonjwa wa madukani ikamnywesha mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Waliokataa kuinywa si wanaharakati wa roshani. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga. Miaka mitatu baadaye, katika Mahakama Kuu ya Machakos, Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyowafanya wakulima wahalifu kwa kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zao za kienyeji vinakiuka Katiba. Vile vile akaondoa mamlaka ya wakaguzi kuvamia hifadhi za mbegu na kuzibeba. Habari hiyo ilipaswa kuwa sherehe kwa kila mtu anayejiita rafiki wa mazingira. Kwenye simu yangu siku ile, kurasa za bustani zilikuwa zinauza vyungu.

Rafiki zangu wa Mombasa huniambia, "Wewe una udongo mwekundu wa Imenti Kusini, hata kijiti ukikichomeka kinaota. Sisi huku ni joto, mchanga na chumvi. Lazima tununue." Basi waende Bamburi, si mbali. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe, jua kali na maji yenye chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, na mvinje ndio uliobeba kazi. Hata hivyo majani yake makavu yalirundikana chini bila kuoza. Waliokuja kuokoa jahazi ni jongoo. Haller aliwaleta, wakayala yale majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo pale ni msitu, ndipo kiboko Owen alipopelekwa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe Mzee. Mvinje na jongoo waliweza mwamba. Wewe unafagia majani ya mwembe kila asubuhi, unayachoma, kisha unakwenda kununua mfuko wa mboji! Halafu unasema udongo wa pwani ni mbaya.

Ndiyo maana nasema: vitu vinavyoifanya bustani kuwa ya kijani kweli ni vile ambavyo hakuna anayeweza kukuuzia mara mbili. Majani yaliyoanguka, jongoo, maganda ya jikoni, jirani, na mbegu inayorudi. Ondoa hivyo, unabaki na mapambo.

Kazi yenyewe si ngumu. Maharage, kunde na njahi: acha maganda machache bora yakaukie shinani, pukuchua, kisha changanya na majivu ya kuni yaliyochekechwa ili wadudu wasitoboe. Mchicha: acha shina moja litoe mashuke, yakikauka yakung'ute juu ya gazeti. Managu: ponda matunda yaliyoiva ndani ya maji, mbegu nzima zitazama, zianike kivulini. Nyanya za kienyeji: kamua mbegu kwenye glasi, ziache siku mbili au tatu mpaka ute uachie, osha, anika. Maboga ndiyo yana umalaya kidogo. Hupokea chavua ya boga lolote la jirani, kwa hivyo panda aina moja, la sivyo utavuna mseto. Kisha andika jina na mwaka kwenye bahasha. Haya yote yanatosha kwenye dirisha la jikoni Pipeline au Kisauni.

Hukumu ya Machakos imeondoa pingu, lakini haiwezi kukupandia. Mbegu inayokaa kwenye kibuyu bila kupandwa hufa taratibu, na wazee wanaojua ni ipi huvumilia jua na ipi hutaka kivuli hawatungoji tumalize kupiga picha. Aina ikipotea katika kijiji kimoja kwa sababu hakuna aliyeiomba, hakuna jaji wa kuirudisha.

Kwa hivyo Desemba ukipanda gari kwenda ushago, usirudi na mkungu wa ndizi peke yake. Omba kikombe kimoja cha mbegu, na uulize jina lake, hupandwa mvua ipi, hupikwa na nini. Panda nusu. Nusu nyingine gonga mlango wa jirani wa ploti, yule ambaye mwaka mzima hamjasalimiana, umpe. Sasa ni halali.