Samaki Si Samaki Tu

Wapo watu wanaopenda kumaliza ubishi kwa maneno machache: "Samaki ni samaki, bora kitoweo." Nimeyasikia maneno hayo mialoni Matema, nimeyasikia sokoni Kyela mjini, na siku moja niliyasikia kutoka kwa mtu aliyesoma, aliyekuja kutuhimiza tuchimbe mabwawa tufuge sato. Nilipomwuliza sato hao wataishia wapi mabwawa yakifurika, alijibu kwamba mwenye njaa haulizi kabila la samaki. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na hapa nitaeleza kwa nini.

Sisi wa Kyela ndio wa mwisho wenye haki ya kusema samaki ni samaki, kwa sababu hatujakubali hata siku moja kwamba mchele ni mchele. Mpelekee mama lishe mchele wa kutoka kwingine ukidai ni wa Kyela, atakutambua kabla sufuria haijachemka. Mfanyabiashara anayechanganya mchele wetu na wa mahali pengine tunamwita mwizi, ingawa mlaji ameshiba. Tunajua kuwa mbegu ina asili yake, na kwamba asili ikichanganywa ovyo haichambuliki tena. Mbona akili hiyo tunaiacha ufukweni?

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na linakadiriwa kuwa na aina za samaki kati ya 500 na 1000, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Wataalamu wa elimu ya urithi waliosoma vinasaba vya samaki hao wa jamii ya perege walitangaza mwaka 2018 kwamba tofauti kati ya aina na aina ni ndogo mno, wastani wa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu. Maana yake nini? Kwamba hawa ni ndugu wa karibu, walioachana majuzi kwa kipimo cha dunia, na kwamba ukuta unaotenganisha aina na aina ni mwembamba. Kilichojengwa kwa muda mrefu kinaweza kubomolewa upesi.

Asiyeamini aende Ziwa Masoko, wilayani Rungwe, juu kidogo ya kwetu. Ni ziwa dogo lililo katika shimo la volkano, upana wake kama mita 700 tu. Mwaka 2015 Milan Malinsky, George Turner, Martin Genner na wenzao, akiwamo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Katika ziwa hilo walikuta samaki wa aina moja wakiwa katika safari ya kuwa aina mbili: madume ya njano hukaa kandokando kwenye mwanga, na ya buluu hukaa chini kwenye giza. Walikadiria kwamba kuachana huko kulianza miaka 500 hadi 1000 iliyopita. Babu zetu walikuwa tayari wanalima na kuvua katika nchi hizi za ziwa wakati kiumbe kipya kinaanza kutengenezwa. Wasomi wa dunia nzima wamelijua ziwa hilo, nasi tunapita kando yake na baiskeli zetu bila habari.

Mtu atauliza: elimu hiyo inanijazia sahani? Naam, na hapa ndipo ninapogombana na yule mgeni wa mabwawa. Katika maji yetu wapo perege wa asili, na maarufu kupita wote ni chambo, ambao wataalamu huwagawa katika aina 3. Mwaka 2018 tathmini ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, iliwaweka wote 3 katika kundi la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sato si mtu wa huku. Sato ni ndugu yao wa mbali mwenye mbio za kukua, na tabia yake inajulikana: akikuta perege wengine hushindana nao chakula na mahali pa kuzalia, tena huweza kuzaa nao. Mwaka 2013 Genner, Turner, Ngatunga, Asilatu Shechonge na wenzao walitoa taarifa kwamba sato amekwisha kuingia katika bonde la Ziwa Nyasa, upande wetu. Mwaka 2019 Shechonge na wenzake walionyesha kwamba perege wageni wamesambaa katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania, na kwamba ni matunda ya miongo mingi ya kupandikizwa kwa makusudi. Hawakuja kwa miguu. Waliletwa.

Wanaosema bwawa ni bwawa na ziwa ni ziwa hawajakaa Kyela wakati wa masika. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinapofurika, shamba la mpunga na mto huwa kitu kimoja. Nani atamzuia kifaranga wa samaki mlangoni?

Historia tunayo, tena ya nyumbani. Katika Ziwa Victoria, miaka ya 1950 na 1960, walipandikizwa sangara na sato kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Kitoweo kiliongezeka, viwanda vya minofu vikajengwa, sikatai. Lakini furu wa aina nyingi mno walitoweka, na ngege na mbiru, perege wa asili waliolisha vizazi vya watu wa ziwa lile, leo ni nadra kuonekana humo. Wavuvi wa kule wanaopiga hesabu ya sangara mwaka hadi mwaka hawana tena pa kurudi.

Najua jibu litakalokuja: adui wa samaki wa Nyasa ni kokoro na vyandarua vya mbu, na si sato. Ni kweli kwamba nyavu haramu zinatumaliza, na mbasa anayepanda mitoni kuzaa anakingwa njiani kabla hajaacha mayai. Lakini tazama tofauti. Kokoro ukiliondoa leo, na samaki wachache wamebaki, ziwa litajaza tena, maana mbegu ipo. Damu ikichanganyika hakuna wavu wa kuichuja. Ukitia maji kwenye maziwa, huwezi kuyatoa kwa kijiko. Kosa la kwanza lina toba, la pili halina.

Wala siwakatazi wenye njaa kufuga. Malawi, wanaokula ziwa hilihili, kwa miaka mingi wamewazuia samaki wageni katika bonde lake, na wafugaji wao wamefuga wa kwao: makumba, chambo, chilunguni. Hao wa asili wanakua polepole kuliko sato, ni kweli. Basi ichaguliwe mbegu bora miongoni mwao, kizazi baada ya kizazi, kama mkulima anavyochagua suke. Kazi hiyo ndiyo hasa inayohitaji elimu ya vinasaba: kipande kidogo cha pezi kilichohifadhiwa katika spiriti chaweza kusema kama samaki ni wa asili au ni chotara.

Kwa watafiti nami nina neno. Matokeo yenu yamejaa katika majarida ya Kiingereza, lakini mvuvi wa Ikombe au Ngonga aliyewaonyesha samaki hao hajaona ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Elimu inayochukuliwa kwetu na kurudi kwetu kwa lugha isiyo yetu ni nusu ya elimu. TAFIRI ina kituo hapa Kyela. Na kibandikwe tangazo katika kila mwalo: huyu ni wa kwetu, huyu ni mgeni, usimwachie mtoni. Mabwana samaki na halmashauri waache kugawa au kuruhusu vifaranga vya sato katika bonde lote la Nyasa, kuanzia leo, na fedha hiyo ijenge mahali pa kuzalisha mbegu ya chambo na makumba.

Mwenye njaa haulizi kabila la samaki, aliniambia yule bwana. Labda. Lakini mwenye watoto huuliza, kwa sababu anajua njaa ya kesho itakuja na maswali yake, na siku hiyo jibu la kuwa samaki ni samaki halitamshibisha mtu.